Oili Niliyoibadilisha

Mume wangu aliijua oili kwa vidole. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo kule Thika, na kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kuhakikisha vyuma havisagani. Jioni alinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, lakini ule weusi wa kwenye mikunjo ya vidole haukuwahi kutoka. Tulipooana ulinikera. Baadaye niliacha kuuona.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule, na wakati huo nilikuwa na kibanda Ruiru mjini, mashine mbili, moja yangu na moja ya kukodi. Binti yetu wa pekee alikuwa ameshaolewa Nakuru. Hatukuwa watu wa makuu. Ukiacha kiploti cha ardhi tulichokuja kukiuza, kitu kikubwa tulichowahi kununua ni gari.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani lenye nafasi ya mizigo nyuma, rangi ya fedha, na lilikuwa limetembea sana kabla ya kufika kwetu. Alilinunua kwa pesa alizopewa kiwanda kilipopunguza watu. Nilidhani atalifanyia biashara, abebe kuku au mboga za watu. Alibeba kidogo, kisha mwili ukamkataa, lakini hiyo nitaifikia.

Wiki ile ile lilipofika alilipeleka gereji, akaamuru oili ya zamani imwagwe yote. Kisha akaenda Thika, kwenye duka la oili alilolijua tangu siku za kiwandani, akarudi na mtungi wa lita nne wa oili ya sinthetiki. Nilimwuliza bei. Aliponitajia nilikaa chini. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya oili ya kawaida ambayo kila mtu mtaani kwetu alitia kwenye gari lake, na magari yao yalitembea.

Siku hiyo nilikuwa nachagua maharagwe kwenye ungo. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akachota maharagwe kwa kiganja.

"Oili ya kawaida ni kama haya," akasema. "Imetoka ardhini. Wameichuja, wametoa mawe, lakini bado kuna kubwa, kuna ndogo, kuna iliyooza. Ikipata moto, zile mbovu zinaungua na kuganda. Hii nyingine wameitengeneza, kila punje ni saizi moja. Asubuhi ya baridi inakimbia haraka, na mchana wa moto haiwi maji."

Nikamwuliza kama basi injini itaishi milele.

"Hapana," akasema. "Itakufa polepole."

Alisema bila mzaha. Ndivyo alivyokuwa. Alikubali hata yale yaliyompinga. Fundi wa gereji, mtu wa makamo mwenye banda la mabati pale Kihunguro, alimwambia mbele yangu kwamba kulitia gari kuukuu oili ya bei ile ni kumvisha mgonjwa suti. Tia ya kawaida, ibadilishe mapema, utafika palepale. Mume wangu aliitikia kwa kichwa akasema ni kweli, mtu asiyechelewa kubadilisha hana haja ya kulipa zaidi. "Lakini mimi nalipa ili nisiwaze," akasema. "Nimesikiliza mashine miaka ishirini na mitatu. Nikiwa barabarani sitaki kusikiliza tena."

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alifungua boneti, akavuta kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye kazi yangu, akakirudisha, akakivuta tena na kukitazama kwenye mwanga. Injini ilikuwa inakunywa oili kidogo kidogo kwa uzee wake. Ikipungua aliongeza. Niliona kama mazoea tu, kama vile wengine wanavyoanza siku kwa kusikiliza habari za redio.

Kisha figo zake zikafa. Hatukujua zilikuwa zinaumwa. Alikuwa na presha ambayo hakuwahi kuitibu, akavimba miguu, akaanza kutapika asubuhi, na tulipofika hospitali Thika daktari alisoma karatasi ya maabara mara mbili kabla ya kutuangalia. Kuanzia hapo maisha yetu yalipangwa na mashine ya kusafisha damu. Jumanne na Ijumaa, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, muda wa saa nne kwenye kiti. Bima ililipia mashine. Dawa za presha, vidonge vya madini, na sindano ya kuongeza damu zilikuwa juu yetu.

Kwa hiyo gari likawa la hospitali. Mwanzoni aliendesha mwenyewe kwenda, na wakati wa kurudi, akiwa hana nguvu hata ya kufungua mlango, tulikodi dereva. Baadaye alinifundisha. Jumapili baada ya kanisa tulienda kwenye barabara za vumbi nyuma ya Kamakis, mimi nimeshika usukani kama mtu anayening'inia, yeye amekaa kando ameweka mkono karibu na breki ya mkono. Hakunipigia kelele hata mara moja. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nilipopata leseni alininunulia soda na tukainywa ndani ya gari, na nadhani hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoweza kuiita nzuri.

Katika mwaka wa pili wa mashine alipungua sana. Alikuwa mtu mwenye mabega, akabaki suruali na shati. Kuinama kwenye boneti kulimtia kizunguzungu, akaacha. Siku moja aliniambia nichukue mimi ile kazi ya kijiti. Nikasema sawa. Nilifanya siku mbili tatu, kisha asubuhi zikanizidi: kumwogesha, kumpikia uji usio na chumvi, kutafuta karatasi za bima, kufungua kibanda. Nikawaza, gari lina oili ya bei, litajitunza.

Ulipofika wakati wa kubadilisha oili, yeye alikuwa kwenye mashine. Alinipa jina la duka na la oili, nikatembea hadi huko nikiwa na cheti cha dawa kwenye mkoba. Cheti kilikuwa cha sindano ya damu. Wiki mbili zilikuwa zimepita bila sindano hiyo, na midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya majivu.

Mwenye duka alikuwa mama wa rika langu, amevaa sweta la kijani. Aliniambia bei. Ilikuwa imepanda tangu mara ya mwisho. Nilisimama pale nikiangalia mitungi imepangwa kwenye rafu, ile ya sinthetiki juu, mizito, ya kung'aa, na ile ya kawaida chini karibu na sakafu. Alisubiri kwa adabu, kisha akaniuliza ni gari la aina gani na la mwaka gani. Nikamwambia. Akasema wengi wenye gari la umri huo wanachukua ile ya chini.

Sikuhitaji kusukumwa zaidi. Nilichukua ya chini. Kilichobaki kilitosha sindano mbili, nikapita duka la dawa nikazinunua, na nilirudi hospitalini nikijiona mwanamke mwenye akili.

Nilichoogopa ni macho yake, kwa hiyo mtungi niliuficha nyuma ya gari. Nyumbani kulikuwa na mtungi mtupu wa ile sinthetiki ya mwisho, ameuosha na kuuweka chini ya meza ya jikoni. Kesho yake niliuchukua pamoja na ule nilioununua, nikaenda kwa fundi kabla ya kufungua kibanda, nikamwomba ahamishe oili. Alinitazama. Akasema kwa upande wake anaona nimefanya la maana, gari lile halikuhitaji zaidi, lakini mzee ni mtu wa oili na hii si kazi ya kufanya kwa mtu mgonjwa. Nikamwambia kwamba ni kwa sababu ni mgonjwa ndiyo naifanya. Akatafuta faneli.

Jumamosi nilimpeleka mume wangu gereji. Alikaa kwenye tairi lililolazwa, koti limefungwa hadi shingoni ingawa jua lilikuwa limewaka, akamtazama fundi akifungua ule mtungi wenye kung'aa na kumimina. Fundi aliwasha injini, akaiacha ingurume, akaizima, akavuta kijiti kupima. Mume wangu akanyoosha mkono.

Fundi alinitazama kabla ya kumpa.

Mume wangu alikishika kijiti kwa mkono wa kushoto, akagusa ncha kwa kidole gumba cha kulia, akasugua gumba na cha shahada. Alisugua kwa muda mrefu. Nilijishughulisha na mkoba wangu.

"Bei imepanda?" akaniuliza.

"Imepanda."

"Na ulilipa."

"Nililipa."

Alichukua kitambaa, akapangusa vidole kimoja kimoja, akarudisha kijiti kwa fundi. "Asante, mama," akasema. Tukaenda nyumbani. Njiani alizungumza juu ya mvua.

Sindano zile mbili zilimsaidia. Kwa wiki kadhaa alikuwa na rangi kidogo, alikula nusu sahani ya ugali, siku moja aliniomba redio. Niliona jibu la swali langu liko mbele yangu, linakula ugali. Nikajiambia kwamba mtu akiniuliza kama oili ya bei inastahili ile tofauti, nitamwonyesha uso wa mume wangu.

Miezi ikaenda. Fundi alinipigia simu akasema nilete gari abadilishe oili. Nikamwambia hatujafika hata nusu ya muda ambao mume wangu alikuwa anangoja siku zote. Akasema ilete tu. Nikadhani anatafuta kazi. Baada ya wiki kama tatu akapiga tena, sauti ya mtu anayesema kitu kisichomhusu, akasema, mama, ilete hiyo gari. Nikamwambia nitaileta mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuja na ada ya kliniki.

Ijumaa ile tulitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Kulikuwa na ukungu mwembamba. Usiku ule alikuwa amelala ameketi kwa sababu pumzi haikumtosha akilala chali, na mara tu alipokaa kwenye kiti cha mbele usingizi ulimchukua. Nilimfunika shuka. Barabara kuu ilikuwa na malori, lakini yalikuwa yanatembea.

Karibu na Juja taa iliwaka kwenye dashibodi. Nyekundu, ina umbo kama la birika dogo lenye tone kwenye mdomo. Iliwaka, ikazima. Wiki iliyotangulia ilikuwa imefanya hivyo hivyo tulipokuwa tunapanda kilima na haikutokea lolote, na sikumwambia. Ikawaka tena, ikakaa.

Nilijua maana yake. Alinifundisha kwenye zile barabara za Kamakis: taa hii ukiiona, unasimama hapo hapo, huendi hata mbele ya mti ule. Lakini saa ya gari ilisema zimebaki dakika kumi na tano. Zamu ya saa kumi na mbili ilikuwa na watu wa akiba wanaosubiri koridoni, na ukichelewa kiti kinapewa mwingine, kwa haki, kwa sababu na wao wanakufa. Nikawaza, kilomita chache tu. Nikawaza pia, na hili ndilo linalonifanya nishindwe kumeza chakula siku nyingine, kwamba yeye amelala na hataiona.

Tulipita Juja. Kabla ya kufika Witeithie injini ikaanza kugonga. Mlio wa chuma kwa chuma, kama mtu anapiga nyundo ndani ya sufuria. Mume wangu alifungua macho mara moja. Mwili wake haukuwa na nguvu ya kuamka kwa jambo lolote siku hizo, lakini kwa ule mlio aliamka.

"Zima," akasema.

Sikuwahi. Ilijizima yenyewe. Usukani ukawa mzito, nikaliburuta gari hadi pembeni, likasimama kwenye majani. Kulinukia moto. Malori yalipita na gari likatikisika kila lilipopitwa.

Akakaa akisikiliza, ingawa hakukuwa na kitu cha kusikiliza tena. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Taa uliiona?"

"Hapana," nikasema.

Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo. Mkono ule ulikuwa na uvimbe kwenye mshipa ambapo sindano za mashine zilichomwa. "Basi," akasema. "Hakuna neno."

Nilisimama barabarani nikipunga mkono karibu nusu saa. Mwenye pikapu ya kabichi alitupakia, mimi nyuma pamoja na kabichi, yeye mbele. Tulipofika hospitali kiti chake kilikuwa kimepewa mtu. Muuguzi wa zamu alisikitika kwa kweli, alitafuta, akauliza, akatuambia tungoje kama mchana kuna atakayekosa kuja. Tukakaa kwenye benchi. Saa tisa alipata kiti kwa saa mbili badala ya nne. Maji mengine yalibaki mwilini. Tukarudi Ruiru kwa teksi, na pesa ya teksi ile ilikuwa karibu sawa na kile nilichookoa kwenye oili. Sikuihesabu. Ilijihesabu.

Gari lilivutwa hadi Kihunguro, likaachwa nyuma ya banda la fundi chini ya turubai. Hatukuwa na uwezo wa kununua injini nyingine. Kuanzia hapo tulikwenda hospitali kwa kubahatisha: mara jirani, mara teksi, mara mtu wa kanisani aliyekuwa anapeleka maziwa. Tulichelewa mara nne. Mara mbili hatukwenda kabisa. Alivimba, akapungua, akavimba. Hakulitaja gari. Binti yetu alipopiga simu kuuliza limeharibikaje, alimwambia lilikuwa kuukuu.

Alikufa wiki kumi na moja baada ya Ijumaa ile, asubuhi, nikiwa namtengenezea uji. Daktari aliandika moyo. Nilimwuliza kama zile siku za kukosa mashine ndizo zilizomaliza moyo. Alikuwa daktari kijana mwenye huruma. Alisema wagonjwa wa namna hii mioyo yao huchoka hata wasipokosa siku moja, na kwamba nisijitese. Sikupata kusikia kama alisema ndiyo au hapana.

Tulimzika kwao, upande wa Gatanga. Baada ya mwezi nilienda kwa fundi kuuza kilichobaki cha gari. Alikuwa ameshaifungua injini, kwa sababu kuna mtu aliyetaka kununua kichwa chake, kile kipande cha juu. Nilimwomba anionyeshe. Alisita, kisha akaondoa gunia. Mle chini, kwenye sinia ambako oili hukaa, kulikuwa na kitu cheusi, kizito, kama ugali wa masizi. Kichujio kidogo cha kunyonyea oili kilikuwa kimezibwa nacho karibu chote. Nilikigusa. Nikasugua kwa gumba na kidole cha shahada, nikangoja vidole vyangu viniambie kitu. Ilikuwa tope tu.

Nikamwuliza kama ni ile oili niliyonunua.

Akasema tope lile si la miezi, ni la miaka, pengine lilikuja nalo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza. Akasema ile ya sinthetiki pengine ilikuwa imelishika lisisogee, au ilikuwa inalisafisha pole pole, hawezi kuapa. Akasema pia kwamba alipofungua hakukuta oili ya kutosha hata kujaza chupa mbili za soda. Injini iliinywa na hakuna aliyeongeza. Bila oili, ya bei na ya bure ni moja.

"Kwa hivyo ni oili au si oili?" nikamwuliza.

"Mama, sijui nikuambie nini."

Nikamwambia aseme anachokijua. Alifuta mikono kwa muda, akitazama kando.

"Mzee alijua," akasema. "Ile Jumamosi. Jioni alinipigia. Aliniambia hiyo niliyoweka ni ya kawaida, kwa hivyo nisingoje muda wa ile nyingine, niibadilishe kila kilomita elfu tatu, na kila wiki niangalie imebaki ngapi. Akaniambia pesa atatuma. Na akaniambia nisikuambie kwamba anajua, kwa sababu ulikuwa umenunua dawa."

Sikuuliza kama alituma. Fundi aliniambia mwenyewe, alituma kidogo. Akasema yeye alinipigia mara mbili na mimi sikuleta gari, na hakujua angesemaje zaidi bila kuvunja neno la mzee. Alikuwa amejiinamia. Niliona kwamba na yeye amekuwa akilala na jambo hili, na sikuwa na kitu cha kumpa. Nilipokea pesa za bodi na matairi, nikatembea hadi nyumbani. Si mbali, lakini nilipumzika mara mbili kando ya njia.

Hicho ndicho nilichobaki nacho. Alijua kwa vidole, akaniruhusu nimdanganye, akanipangia njia nyingine ya kutoka, rahisi, ya bei nafuu, na ingefanya kazi. Nilichotakiwa ni kupokea simu na kupeleka gari. Kosa halikuwa kununua ya chini. Yeye mwenyewe alisema mtu asiyechelewa hana haja ya ile ya juu. Nimejaribu kujifariji kwa hilo na halifariji, kwa sababu mimi nilichelewa. Na pale kwenye majani ya Witeithie, aliponiuliza juu ya taa, nadhani alikuwa anajua jibu la hilo pia. Mtu aliyesikiliza mashine maisha yake yote anajua injini haianzi kugonga bila kuonya. Aliniuliza ili nimwambie. Alinipa nafasi nikiwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, na nikasema hapana.

Nilikiacha kibanda cha mjini, kodi ilinishinda. Siku hizi nakaa Kiuu, chumba kimoja, mashine iko dirishani. Januari kazi huwa nyingi, watoto wanarudi shule, kisha inakauka hadi Mei. Majirani ni watu wazuri na wananijua kama mama wa sare. Kanisani akina mama wa kikundi walinitembelea, wakaomba, wakaleta sukari. Wakati wakiomba nilijaribu kusema kimoyomoyo maneno niliyopaswa kumwambia, yakakosa pa kwenda.

Pasaka iliyopita binti yangu alikuja na kukaa siku tatu. Siku ya pili, akiwa anaosha vyombo kwenye karai mlangoni, nilianza kumweleza. Nilianza na duka la Thika, rafu, bei. Nilikuwa bado sijafika kwa fundi. Akanikatiza kwa upole, mikono yake ikiwa ndani ya povu.

"Mum, ilikuwa oili tu," akasema. "Baba alikuwa mgonjwa."

Nikasema ni kweli. Nikachukua taulo nikaanza kukausha sahani. Jumatatu nilimsindikiza hadi barabarani, akaondoka, nikarudi ndani nikakata sketi za bluu za watu waliokuwa wamelipa nusu. Kitambaa kilikuwa kibaya, kinaachia nyuzi, lakini ndicho walichoweza.